Darasa Linachangamka, Somo Linasahaulika: Shughuli za Darasani Zipangwe Vipi?

Mwalimu wa Sayansi wa darasa la sita katika shule moja ya msingi ya serikali wilayani Temeke ameniandikia hivi: “Shikamoo Mkufunzi. Darasa langu lina watoto zaidi ya tisini. Tangu tulipoanza vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) hapa shuleni nimejitahidi kuacha kufundisha kwa kuongea peke yangu. Natumia vikundi, nyimbo, maigizo na hata michezo ya uwanjani, watoto wanafurahi na utoro umepungua. Tatizo ni kwamba wiki tatu baadaye, nikiuliza swali la mada ileile, wanakumbuka wimbo na mwenzao aliyeanguka wakati wa igizo, ila somo lenyewe limepotea. Mwalimu mkuu anasema nachelewa kumaliza mada, na mimi sitaki kurudi kwenye kuandika ubaoni watoto wakinakili. Nipange vipi shughuli za aina mbalimbali zitakazowashirikisha wote na kuwafanya wakumbuke?”

Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa utoro kupungua, kwa sababu mtoto asiyekuwepo darasani hakuna mbinu itakayomfundisha. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake na namna ya kulitekeleza katika darasa la ukubwa wa lako. Ninavyosoma barua yako, shughuli zako ni nyingi vya kutosha na zinatofautiana vya kutosha. Kinachohitaji kurekebishwa ni mahali unapoziweka. Umezigawa kwa mada: mada ya moyo imepata igizo, mada ya mbu imepata wimbo, mada ya udongo imepata kazi ya vikundi, na kila mada ikishapata shughuli yake inafungwa. Nakushauri uzigawe kwa wakati. Mada moja ikutane na watoto mara nne au tano katika kipindi cha miezi kadhaa, kila mara kwa shughuli nyingine, na katika kila mkutano baada ya ule wa kwanza mtoto aanze kwa kutoa kichwani mwake kile alichokwisha kujifunza, kabla hajakiona tena ubaoni wala kitabuni.

Watoto wako wanasahau kwa sababu ndivyo akili ya binadamu inavyofanya kazi. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana hadi akazijua barabara, kisha akapima, baada ya dakika, saa, siku na wiki, ni juhudi kiasi gani angeiokoa akijifunza orodha hizo upya. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, katika saa na siku za mwanzo, halafu kasi yake hupungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yalimfaa kuliko marudio mengi yaliyorundikwa siku moja. Tafiti nyingi zilizofuata, zilizotumia masomo yenye maana na wanafunzi wa rika mbalimbali, zimeunga mkono jambo hilo la kutawanya marudio. Kwa hiyo mada iliyofundishwa vizuri sana mara moja na kuachwa imeachwa katika siku zile zile ambazo inapotea kwa kasi kubwa zaidi.

Utafiti wa pili ambao ningependa kila mwalimu aujue ni wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006. Katika jaribio moja wanafunzi wa chuo walipewa kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, na katika vipindi vitatu vilivyofuata likaandika kila lililokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tu waliongoza, wakikumbuka asilimia 83 dhidi ya asilimia 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na asilimia 61. Kundi lililosoma tu ndilo pia lililokuwa na imani kubwa zaidi kwamba litakumbuka.

Sasa fungua andalio lako la somo la wiki iliyopita utazame sehemu ya tathmini. Karibu maandalio yote ninayoyasoma yameandikwa “somo limeeleweka” au “wanafunzi wengi wameelewa”, na mwalimu aliyeandika hivyo hakudanganya, kwa sababu dakika tano kabla ya kengele watoto walijibu vizuri kweli. Ila alipima katika muda ambao kipimo hakiwezi kumwambia kama jambo limekaa. Unachokiona mwisho wa kipindi ni kile kilichopo kichwani kwa wakati huo, na mtoto anaweza kuwa nacho chote saa tano asubuhi na kukipoteza kabla ya Ijumaa. Ndiyo maana igizo lako lilionekana limefanikiwa.

Huenda kuna wenzako watakaokwambia kwamba kuwadai watoto wakumbuke ni kuwarudisha kwenye kukariri, jambo ambalo mitaala inayojali umahiri imekuwa ikituonya nalo tangu katikati ya miaka ya 2000. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu inatokana na madarasa tuliyoyaona sote, ambako mtoto anaweza kutamka maana ya mfumo wa damu neno kwa neno bila kujua damu inakwenda wapi ikitoka kwenye moyo. Lakini kukumbuka ninakokuzungumzia hapa ni kwa aina nyingine. Mtoto anatakiwa kueleza kwa maneno yake, kuchora, kufananisha, kutoa sababu, na kutumia alichojifunza katika jambo ambalo hakuoneshwa. Mtu hawezi kufikiri juu ya kitu ambacho hakimo kichwani mwake, na mtoto asiyekumbuka kazi ya mapafu hana cha kufikiria unapomuuliza kwa nini anahema haraka baada ya kukimbia. Umahiri hauwezi kusimama bila maarifa yaliyokaa.

Nije kwenye shughuli zenyewe. Kabla ya kuiingiza shughuli yoyote kwenye andalio, jiulize swali moja: katika dakika zile, akili ya mtoto wa dawati la mwisho itakuwa inashughulika na nini? Mtu hukumbuka kile alichokifikiria, na hilo mara nyingi silo tulilokusudia akifikirie. Chukua mchezo wa moyo, ambao nimeuona katika shule kadhaa za Dar es Salaam. Mwalimu huchora kwa chaki kwenye sakafu ya uwanja vyumba vinne vikubwa vya moyo, mapafu upande wa juu na mwili upande wa chini, kisha watoto hushika karatasi nyekundu na za bluu na kuzunguka wakiwa ndio damu. Ni mchezo mzuri, lakini ukiachwa hivyo hivyo, mtoto aliye katikati ya foleni anafikiria kumfuata aliye mbele yake, asikanyage mstari na asisukumwe. Amezunguka moyo mzima bila kufikiria moyo.

Mchezo huohuo unabadilika ukiongeza sharti moja dogo. Katika kila mstari wa chaki asimame mlinzi, na hakuna anayevuka mpaka ajibu mambo mawili: anatoka wapi, na amebeba hewa ya oksijeni nyingi au kidogo. Anayetoka mwilini aseme kwamba anaingia chumba cha juu cha kulia, kisha ashuke chumba cha chini cha kulia, na pale ndipo mlinzi amuulize, “Unakwenda wapi, na unafuata nini huko?” Akijibu kwamba anakwenda mapafuni kuacha kabonidayoksaidi na kuchukua oksijeni, apite, na akifika mapafuni abadilishe karatasi ya bluu kwa nyekundu kwa mikono yake mwenyewe. Akirudi aingie chumba cha juu cha kushoto, ashuke chini kushoto, na mlinzi wa mwisho amuulize kwa nini ukuta wa chumba hiki ni mnene kuliko wa kile cha kulia. Asiyejua hafukuzwi, anarudi mlango mmoja nyuma na kumsikiliza mwenzake akijibu. Walinzi wabadilishwe kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa mlinzi ndiye anayesikia majibu mengi kuliko wote. Na usisahau kuwaambia, mkiwa bado uwanjani, kwamba karatasi ya bluu ni alama tu, kwa sababu damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokoza. Wako watoto wengi wanaobaki na damu ya bluu vichwani mwao hadi sekondari kwa ajili ya mchoro wa kitabuni.

Watoto tisini hawawezi kuzunguka kwa pamoja. Thelathini wazunguke, na sitini waliobaki wakae kivulini na daftari, kila mmoja akichora njia ya mwenzake mmoja aliyemchagua na kuandika alikosea wapi. Mtazamaji asiye na kazi ya kufanya anakumbuka aliyeanguka, kama ulivyoandika.

Kwa maigizo sheria ni hiyohiyo. Igizo ni ghali kwa muda, linawapa kazi watoto wanane na kuwaacha themanini wakicheka, kwa hiyo mimi ningelitumia mara chache, na ningeliandaa likiwa na makosa mawili ya makusudi ambayo watazamaji wanatakiwa kuyawinda na kuyaandika. Wimbo unafaa sana kwa mambo yenye mpangilio usiobadilika, kama njia ya chakula kutoka mdomoni hadi utumbo mpana. Lakini wimbo unaweza kuimbwa mdomo ukienda na akili ikiwa imelala, kwa hiyo ukatishe katikati ya mstari na uulize, “Hapa chakula kimekutana na nini, na kinabadilikaje?” Kisha endeleeni kuimba.

Turudi kwenye mpangilio wa wakati, ambao ndio moyo wa jibu langu. Chukua azimio lako la kazi, yaani mpango wako wa mada za muhula mzima, na penseli. Kwenye safu ya maoni, ambayo aghalabu hubaki tupu hadi mdhibiti ubora anapokaribia, andika kwa kila mada tarehe za kuirudia: kipindi kinachofuata, wiki moja baadaye, wiki tatu au nne baadaye, na mara moja katika muhula unaofuata. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa mada zote. Kanuni ni kwamba kadiri unavyotaka jambo likumbukwe kwa muda mrefu zaidi, ndivyo nafasi kati ya marudio inavyoweza kuwa ndefu zaidi. Halafu mbele ya kila tarehe andika shughuli. Hapo ndipo aina mbalimbali zinapopata kazi yake ya kweli, kwa sababu kukumbuka jambo lilelile kwa njia tofauti humzuia mtoto kulifungia katika umbo moja tu alilolisikia kwako.

Kwa mada ya moyo mpango unaweza kwenda hivi. Jumatatu unafundisha kwa maelezo mafupi na mchoro, kisha mchezo wa uwanjani. Katika kipindi kinachofuata, kabla ya salamu kuisha na kabla hujashika chaki, kila mtoto anachora vyumba vinne na mishale ya damu kwa kumbukumbu katika kurasa za mwisho za daftari lake, dakika nne, kimya. Wiki inayofuata, wakati mada ni nyingine kabisa, unaandika ubaoni sentensi tano juu ya moyo, mbili kati yake zikiwa na makosa, na watatu wa dawati moja wanatafuta makosa na kusema sababu. Baada ya wiki tatu unawatoa nje, wahesabu mapigo ya mishipa ya mkononi kwa dakika moja, waruke ruka, wahesabu tena, kisha kila mmoja aandike sentensi tatu za kueleza tofauti hiyo kwa kutumia maneno moyo, mapafu na oksijeni. Muhula unaofuata swali moja la moyo linaingia ndani ya jaribio la mada nyingine bila taarifa. Mikutano yote hiyo baada ya siku ya kwanza, ukiondoa ule wa mapigo ya mishipa, inachukua dakika tano hadi nane kila mmoja.

Hesabu hiyo ndiyo ya kumpelekea mwalimu mkuu. Kipindi ni dakika 40, na katika shule zetu za mjini zenye zamu mbili hakuna dakika ya kutupa. Ukitoa dakika 7 mwanzo wa kila kipindi zinabaki 33, na kwa kweli sehemu ya hizo 7 ulikuwa unaitumia kwa kukagua nani amekuja na daftari na kuuliza “jana tulijifunza nini?” ili wajibu watoto wanne walewale. Upande wa pili wa hesabu ni wiki nzima mnazozitumia kabla ya mtihani wa taifa mkifundisha upya mada za miezi mingi nyuma. Mada iliyomalizwa kwenye karatasi na kufundishwa tena mwezi wa nane haikumalizwa.

Kuhusu swali hilo la “jana tulijifunza nini?”, kosa lake ni kwamba linamfanya mtoto mmoja akumbuke na themanini na tisa wasikilize. Faida ya kukumbuka humwendea anayekumbuka. Kwa hiyo kanuni yangu kwa darasa kubwa ni kwamba kila swali la marejeo lijibiwe na wote kabla halijajibiwa na mmoja. Njia rahisi ni kuandika au kuchora daftarini. Njia nyingine ni vidole: unasoma swali lenye majibu manne, watoto wanafumba macho, na ukisema “sasa” kila mmoja anaonesha kifuani kidole kimoja, viwili, vitatu au vinne. Kwa kutupa macho mara moja unajua kama darasa limegawanyika, na kama limegawanyika nusu kwa nusu, waambie wa dawati moja wabishane kwa dakika mbili kisha wapige kura upya. Baada ya hapo ndipo unamwita mmoja aeleze, na umwite kwa namba ya rejista unayoichomoa kwenye kopo, ili asiyependa kunyoosha mkono ajue kwamba zamu yake inaweza kufika wakati wowote.

Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alirekodi masomo ya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970 na kukuta kwamba walimu kwa kawaida walisubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mtoto mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto waliokuwa wanyamavu walianza kuchangia. Sekunde tatu mbele ya watoto tisini ni ndefu, na mwanzoni utahisi kwamba darasa limekufa. Hesabu kimoyomoyo na uvumilie.

Juu ya vikundi nina maoni ambayo si kila mkufunzi atakubaliana nayo. Vikundi vya watoto kumi kumi, ambavyo ndivyo vinavyopatikana ukiligawa darasa la tisini kwa vikundi tisa, mimi nisingevitumia kabisa kwa kazi ya kufikiri. Wawili wanaandika, mmoja anaamuru, na saba wanasubiri. Dawati lenye watoto watatu tayari ni kikundi kizuri, hakihitaji kuhamisha samani wala kupoteza dakika sita za kelele. Fuata utaratibu ambao Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliueleza mwaka 1981, ambao kwa lugha yetu unaweza kuuita fikiri, jadili, eleza: kwanza kila mmoja peke yake na kalamu, kisha wa dawati moja, kisha darasa zima. Walimu wengi huiruka hatua ya kwanza kwa sababu inaonekana kama muda wa kukaa bure. Hiyo ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke hata siku moja, kwa kuwa mtoto aliyeingia kwenye majadiliano bila wazo lake atachukua la jirani na kuondoka nalo likiwa si lake.

Kuna namna moja zaidi ya kupanga ambayo naiona inafaa mno kwa Sayansi, nayo ni kuchanganya mambo yanayofanana. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida walichapisha jaribio la wanafunzi waliojifunza kukokotoa ujazo wa maumbo manne. Waliofanya mazoezi ya umbo moja hadi likaisha ndipo wakahamia jingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliofanya yaliyochanganywa walipata asilimia 60. Wiki moja baadaye, wa kwanza walipata asilimia 20 na wa pili asilimia 63. Aliyechanganyiwa hulazimika kuamua kwanza hili ni swali la aina gani, na mtihani, kama maisha, huuliza hivyo.

Hapa Dar es Salaam tunao mfano ulio mlangoni pa kila mtoto. Fundisha mbu watatu. Anofelesi hueneza malaria, huuma zaidi usiku, huzaliana katika madimbwi na maji yaliyotuama bondeni, na akitua ukutani huinua sehemu ya nyuma ya mwili. Edesi hueneza dengue, ugonjwa ulioliathiri jiji letu mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Yeye huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyokaa ndani ya vyombo, kama ndoo, mapipa, makopo na matairi. Kuleksi huuma usiku, hupenda maji machafu ya vyoo vya shimo na mifereji iliyoziba, na mjini ndiye anayeeneza minyoo ya matende na mabusha. Mfundishe kila mmoja siku yake, kwa picha na maelezo, na watoto watajibu vizuri kila siku, kwa sababu siku hiyo jibu ni mbu mmoja tu.

Kazi halisi inaanza siku ya nne. Andika visa vifupi sita na uvisome kimoja kimoja bila kufuata mpangilio wa kufundisha. Nyumba moja Tandika ina matairi manne nyuma ya jiko, mvua ya masika imenyesha wiki mbili, na watoto wanaumwa na mbu saa nne asubuhi: ni mbu gani, ugonjwa gani, na je, chandarua cha usiku kitawasaidia kiasi gani? Familia nyingine inalima mchicha bondeni karibu na mto Msimbazi na inaumwa na mbu usiku wa manane: ni yupi wa kushukiwa kwanza, na ungeuliza nini zaidi kabla ya kuamua? Nyumba ya tatu ina choo cha shimo kilichovunjika mfuniko, na babu wa nyumba hiyo ana mguu uliovimba kwa miaka. Watoto watakosea, Mwalimu. Watakosea zaidi kuliko siku tatu za mwanzo, na jirani wa darasa akichungulia atadhani umewavuruga. Waache wabishane, kisha toa jibu sahihi hapo hapo na sababu yake, maana kosa linaloachwa bila kusahihishwa nalo hukumbukwa. Jioni wape kazi ya kukagua mazingira ya nyumbani kwao, waje na orodha ya mahali mbu anapoweza kuzaliana na aina ya mbu anayetarajiwa kuwepo hapo. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi moja, na baadhi ya mapipa yatafunikwa kwa sababu yake.

Hilo la kukosea linahitaji ulinzi wako. Zoezi la kukumbuka lisiwe na alama za kupeleka kwenye rejista, na fimbo isiwepo karibu nalo. Mtoto anayeogopa hufikiria adhabu, na hiyo ndiyo atakayoikumbuka. Mwambie asahihishe mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine baada ya wewe kuonesha jibu, ili aione kwa macho yake tofauti kati ya alichokumbuka na kilicho sahihi. Hivyo unajiokoa pia na kusahihisha daftari tisini kila siku: pita katikati ya madawati, tazama daftari nane au kumi, na jambo lililokosewa na wengi lirudie pale pale. Anayecheka mwenzake aliyekosea asiachwe hivi hivi, kwa sababu kicheko kimoja kinatosha kumnyamazisha mtoto muhula mzima.

Umesikia pengine kwamba aina mbalimbali za shughuli zinahitajika kwa kuwa kuna watoto wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, na kila mmoja apewe chake. Jopo la wanasaikolojia lililoongozwa na Harold Pashler lilichambua tafiti za jambo hilo mwaka 2008 na halikukuta ushahidi wa kutosha wa kugawa mafunzo kwa namna hiyo. Usipoteze usiku wako kuandaa masomo matatu ndani ya moja. Chagua picha pale ambapo jambo lenyewe linahitaji kuonekana, na mikono pale ambapo linahitaji kushikwa, kwa watoto wote.

Jambo la mwisho la kujiandaa nalo ni malalamiko. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushughulishwa walijifunza zaidi ya waliosikiliza mihadhara mizuri, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Kujitahidi kukumbuka kunachosha na humfanya mtu ajione hajui. Watoto wako watalalamika wiki za mwanzo, na mzazi mmoja au wawili watauliza kwa nini daftari lina masahihisho mengi. Waeleze mapema, kwa maneno mepesi, kwamba kurasa za mwisho za daftari ni za kupima kumbukumbu na kwamba makosa ya pale yanategemewa.

Usianze na mada zote. Jumatatu ijayo chagua mada tatu ulizozifundisha mwezi uliopita, toa maswali matano ya kuandika bila kufungua kitabu, na uandike nyuma ya andalio lako ni watoto wangapi wamejibu sahihi kila swali. Mada mbili zipangie marejeo kama nilivyoeleza, ya tatu iache kama ulivyozoea, na baada ya wiki sita rudia maswali yaleyale. Kisha mada ile ya tatu nayo ipe marejeo yake, watoto wasikose, na nakala ya matokeo ya mada zote tatu uipeleke kwenye kikao chenu cha MEWAKA, mwalimu mkuu akiwepo.